Daftari la Mgonjwa

Mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huu wafanyabiashara wa Kariakoo wanaujua vizuri, nami niliyehamia Mtaa wa Swahili baada ya kustaafu ukuu wa chuo cha ualimu, naona unawahusu wagonjwa pia. Kwa miaka mingi mgonjwa wa zahanati alibeba daftari la shule, na humo ndimo yalimoandikwa maradhi yake yote.

Sasa hospitali zetu za umma zinahamishia taarifa kwenye kompyuta, nyingi zikitumia mfumo wa serikali uitwao GoTHoMIS. Shabaha ni mifumo isomane, ili mtu akitibiwa Mnazi Mmoja kisha akapewa rufaa kwenda Amana au Muhimbili, habari zake zimtangulie. Silipingi jambo hili. Soko la Kariakoo lilipoungua tarehe 10 Julai 2021, sote tulikumbushwa jinsi karatasi isivyo na mtetezi mbele ya moto.

Lakini msomaji wangu, kunakili jina si kumhamisha mtu.

Miaka michache iliyopita nilimpeleka mke wangu katika hospitali moja nisiyotaka kuitaja. Cheti chake cha zamani kilikuwa na onyo pambizoni, kwa wino mwekundu: asipewe dawa za salfa. Katika kompyuta, jina la baba yake, Mohamed, lilikuwa limeandikwa Muhamedi. Basi akawa mgonjwa mpya, asiye na historia. Daktari kijana akamwandikia salfa.

“Mwanangu, dawa hiyo iliwahi kunibabua mdomo mzima.”

“Mama, kwenye mfumo hakuna kitu kama hicho.”

Namshukuru kijana yule, maana baada ya kusema hivyo alinyamaza, akamtazama mama, akabadili dawa. Lakini usiku ule sikulala. Je, angeletwa hajitambui?

Simlaumu karani. Ukimpima kwa idadi ya majina aliyoingiza kwa siku, ataingiza majina, na pambizo itabaki kwenye karatasi. Kosa lililokuwa ndani ya jalada moja sasa litasomwa kila hospitali, tena litaaminiwa zaidi kwa kuwa limetoka kwenye mashine.

Chuoni, tulipohamisha alama kutoka rejista kuukuu kwenda mpya, walikaa watu wawili: mmoja akisoma kwa sauti, mwingine akiandika. Kisha mwanachuo mwenyewe aliitwa athibitishe jina lake. Kazi ilichelewa, lakini hakuna aliyepewa cheti cha mwenzake. Hospitali nazo zianze na maonyo ya dawa kabla ya anwani na namba ya simu, na karatasi ya zamani isitupwe mpaka mgonjwa asomewe kilichoandikwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatambua haki ya mtu kusahihishiwa taarifa zake. Lakini atasahihishaje asichooneshwa?

Mke wangu bado anatembea na daftari mkobani, ukurasa wa kwanza una wino mwekundu. Siku daktari atakapomwambia, “Mama, naona hapa, salfa hapana,” kabla hajaufungua mkoba, hapo nitamshauri aliache nyumbani.