Makala za Kwaresima Mbona Hazina Njaa?

Kila mwaka watu wakishapakwa majivu, kalamu nazo huanza kazi. Kwenye gazeti la parokia, jarida la vijana, ubao wa matangazo mlangoni mwa kanisa, kote utakuta tafakari ya Kwaresima. Ukisoma tatu umezisoma zote. Niseme bila kuzunguka: nyingi hazisomeki, na tatizo si imani ya mwandishi, ni uandishi wake.

Tazama zinavyoanza. Aya ya kwanza inatuambia Kwaresima ni siku 40. Haitwambii hata zinavyohesabiwa, maana toka Jumatano ya Majivu hadi Jumamosi Kuu ni siku 46, ila zile Jumapili 6 hazihesabiwi kwenye mfungo. Aya ya pili inataja sala, kufunga na sadaka. Ya tatu inamleta mhusika mkuu, bwana mmoja aitwaye “sisi wanadamu”. Bwana huyu ni mdhambi wa kutisha, lakini hana jina, hana mtaa, hapandi daladala, hadaiwi kodi ya chumba. Dhambi yake ni “anasa”. Anasa gani? Hatuambiwi. Mwisho anaombwa abadilike, na makala inafungwa na Amina juu.

Sasa chukua njaa yenyewe. Kwa Sheria za Kanisa za mwaka 1983, Mkatoliki mwenye umri wa miaka 18 hadi 59 hufunga siku mbili, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu: mlo mmoja kamili, na kitu kidogo mara mbili cha kusogezea siku. Weka kanuni hiyo mbele ya kijana anayesukuma mkokoteni Kariakoo. Asubuhi chai kavu, saa nane ugali na maharage kwa mama lishe, basi, mpaka kesho. Mlo wake ni huo mmoja, na ni hivyo Januari, Juni na Novemba. Nyama anaionja Krismasi. Ukimwambia afunge, afunge nini?

Sikuulizi kwa kejeli. Sheria hizohizo zinawaruhusu maaskofu kuweka matendo ya huruma na ya ibada mahali pa mfungo, kwa hiyo hata huko juu wanajua kwamba tumbo si kipimo pekee cha toba. Hapo ndipo makala ingeanzia. Lakini waandishi wetu hawapasogelei. Wanaogopa kuonekana wanabishana na padri, basi wanarudi kwa yule bwana wao asiye na tumbo.

Ajabu ni kwamba mwalimu wa uandishi wanaye kila Jumapili, nayo ni Misa yenyewe. Ikifika Kwaresima, Misa inapunguza. Wimbo wa Utukufu hausikiki isipokuwa kwenye sikukuu chache. Aleluya inanyamaza hadi Kesha la Pasaka. Maua yanaondolewa altareni, na kinanda kinabaki kusindikiza sauti tu; Dominika ya nne ndiyo inayopewa nafuu kidogo. Ijumaa Kuu hakuna Misa kabisa. Hata majivu, kwa desturi, ni yale matawi tuliyoyapunga Jumapili ya Matawi ya mwaka jana, yamechomwa. Mtu hahitaji mahubiri marefu kuelewa hilo. Liturujia inafunga maneno. Waandishi wetu wanayashindilia.

Kuna atakayesema: wee bwana, tafakari ni sala, usituletee mambo ya fasihi. Haya, twende Ijumaa kwenye Njia ya Msalaba. Vituo 14, na kila kituo tendo moja. Anahukumiwa. Anabebeshwa. Anaanguka. Anakutana na mama yake. Simoni anatoka zake shamba, anashikwa njiani, anatwishwa mzigo usio wake. Veronika ana kitambaa tu, anampangusa uso. Bibi asiyejua kusoma anaifuata yote na machozi yanamtoka. Hiyo ni sala, na ni fasihi iliyosukwa vizuri kuliko makala zetu nyingi.

Wala usiseme Kiswahili hakijazoea. Mathias Mnyampala, Mkatoliki wa Ugogo, alitoa Utenzi wa Enjili Takatifu mwaka 1963. Desemba ya mwaka huohuo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukafungua mlango wa lugha za watu kutumika katika Misa. Mnyampala alikuwa ameshaichukua Injili na kuitia katika bahari ambayo masikio ya Waswahili yaliijua tangu zamani. Na utenzi wa kawaida una mizani 8 tu kwa kipande. Humo huwezi kupakia vivumishi kama magunia ya mkaa. Nao ni mfungo, wa kalamu.

Mada zimejaa tele. Mwaka 2025 Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 5 Machi, siku chache tu baada ya mwezi wa Ramadhani kuandama. Fikiria nyumba ya kupanga Uswahilini, vyumba sita, ua mmoja. Chumba hiki wanafunga, chumba kile wanafunga, kwa taratibu mbili tofauti. Nani anawasha jiko mchana, na nani anaona aibu harufu ikivuka ukuta? Jioni jirani akileta sahani ya futari Ijumaa, na ndani mna kipande cha nyama, Mkristo wa watu afanyeje? Kumkatalia jirani nayo si dhambi? Hapo imani ina kazi ya kufanya, na mwandishi pia.

Kwa hiyo wewe unayenoa kalamu kwa Kwaresima ijayo, mwache “sisi wanadamu” apumzike. Tuandikie mtu mmoja, Ijumaa moja, alikuwa na shilingi ngapi na alimpa nani. Na kama hakujinyima chochote kwa sababu hakuwa na cha kujinyima, liandike hilo pia. Padri huenda akakuna kichwa. Msomaji atafika hadi nukta ya mwisho.