Injini ya Trekta Iliyoingia Kwenye Pikapu

Fundi wa malori anayeijua kazi yake hahitaji kusoma kibao. Akifunua boneti na kuona vifuniko sita vidogo vimepangana juu ya silinda hedi, kila silinda na chake, anajua yuko mbele ya Cummins 6BT. Huku kwetu wengi waliizoea injini hiyo kwenye malori ya Tata, kwa kuwa Tata na Cummins waliunda kampuni ya pamoja huko Jamshedpur, India, mwaka 1993. Wengine wameikuta kwenye jenereta au trekta. Ila ukimtajia Mmarekani Cummins ya lita 5.9, kitakachomjia kichwani ni pikapu ya Dodge Ram.

Ilifikaje huko? Kisa hiki kinafaa kufunguliwa nati moja moja, maana walioifanya kazi ile hawakubuni injini ya pikapu hata kidogo. Walichukua injini iliyokwisha kuwapo shambani, wakaitumbukiza kwenye gari la zamani, kisha wakakaa miaka 30 wakiimarisha kila kilichoizunguka.

Chrysler, wenye Dodge, walinusurika kufilisika mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa dhamana ya mkopo kutoka serikalini. Pikapu zao za miaka ya 1980 zilikuwa bado na umbo lililozaliwa mwaka 1972. Wapinzani walikuwa wameshatangulia kwa dizeli: General Motors na V8 ya lita 6.2, Ford na V8 za International za lita 6.9, kisha 7.3. Chrysler hawakuwa na dizeli ya namna hiyo, wala fedha za kuitengeneza. Cummins kwa upande wao walikuwa na injini mpya ya kati, kundi la B, waliyoiunda kwa ubia na J.I. Case, watengenezaji wa trekta na mitambo ya kuchimba, na kuitoa kiwandani Rocky Mount, North Carolina. Mmoja ana injini anatafuta gari, mwenzake ana gari anatafuta injini. Ndoa ikafungwa, na pikapu ya kwanza ikatoka kama modeli ya mwaka 1989.

Sasa tuifungue injini. Silinda sita kwenye mstari mmoja, kipenyo milimita 102, pistoni ikisafiri milimita 120. Krenki shafti imelala juu ya beringi kuu saba, maana yake kila silinda ina beringi huku na huku. V8 ina beringi tano tu za kubeba silinda nane. Kemshafti inazungushwa kwa gia. Hakuna cheni ya kulegea wala mkanda wa kukatika. Hivi ndivyo anavyofikiri mtu anayejua kwamba chombo chake kitanguruma kutwa nzima kwa nguvu zote, kikivuta jembe au kikisukuma maji. Injini ya gari dogo hufikia nguvu zake zote kwa sekunde chache tu, pale unapopita lori. Ya trekta huishi huko huko.

Tofauti kubwa zaidi ilikuwa mahali dizeli inapowakia. Kwenye V8 za Ford na GM za wakati ule, mafuta yalinyunyiziwa ndani ya chumba kidogo pembeni mwa silinda, yakaanza kuwaka humo, kisha moto ukapenya tundu jembamba kuisukuma pistoni. Njia hiyo hupunguza kelele, lakini joto jingi huishia kwenye kuta za chumba na nguvu nyingine hupotea pale tunduni. Ndiyo maana injini hizo zilihitaji mbano wa zaidi ya 21 kwa 1, na bado asubuhi ya baridi hazikuwaka bila hita plagi. Cummins ilinyunyizia mafuta moja kwa moja kwenye bakuli lililochongwa juu ya pistoni. Mbano wa 17.5 kwa 1 ulitosha, na hita plagi haikuwepo hata moja. Kilichowekwa ni hita ya wavu kwenye njia ya hewa, ya kupasha hewa kabla haijaingia. Turbo ya Holset ilisukuma hewa, pampu ya Bosch ya kuzunguka ikagawa mafuta. Kelele? Ilikuwa kelele ya lori tupu, na wenyewe waliipenda.

Ukisoma karatasi za mauzo za wakati ule unaweza kudanganyika. Ford ya lita 7.3 ilitangazwa kuwa na nguvu farasi zipatazo 180. Dodge ilikuwa na 160. Mnunuzi anayehesabu farasi angeondoka na Ford. Lakini nguvu farasi ni torki mara kasi ya mzunguko, na swali la mvuta trela ni moja: nguvu hizo unazipata kwenye mzunguko gani? Cummins ilitoa torki ya Nm 542 kwenye mizunguko karibu 1,700 kwa dakika. Piga hesabu: hapo tayari ina farasi kama 129 kati ya 160 zake, na injini inanguruma polepole. Ford, hata tukiihesabia torki yake yote ya Nm 458 kwenye mzunguko huo huo, inapata farasi 109. GM ya lita 6.2 haikufika hata Nm 360. Zile farasi nyingi za Ford zipo, ila ziko juu, mahali ambapo dereva inambidi ashushe gia na kuipigisha injini makelele mlima mzima. Aliyewahi kupanda mlima Kitonga nyuma ya lori lililobeba kupita kiasi anaielewa tofauti hiyo bila karatasi.

Hapo ndipo sehemu rahisi ilipoishia. Injini ilikuwa na uzito wa karibu nusu tani. Haikuwekwa kwenye pikapu nyepesi kabisa. Ilikwenda kwenye namba 250 na 350 tu, zikapewa springi ngumu mbele, difu ya Dana 70 nyuma, na Dana 60 mbele kwa zile za magurudumu manne. Gia boksi ya mkono ikaletwa kutoka Ujerumani, Getrag ya gia tano. Ya otomatiki ilikuwa ile ya zamani ya gia tatu, isiyo na gia ya kupumzisha injini barabarani.

Gia hizo tatu zilileta mtihani. Injini ya petroli huzunguka zaidi ya mara 4,000 kwa dakika bila kulalamika. Hii dizeli ilifika kileleni kwenye 2,500. Difu ya kawaida ya kuvutia mizigo, tuseme ya uwiano wa 4.10, kwa matairi ya pikapu ingekupa kilomita kama 73 kwa saa kwenye mizunguko 2,000. Kwa barabara kuu za Marekani hiyo ni aibu. Kwa hiyo zile za otomatiki wakazitilia difu ndefu ya 3.07, na kwa mizunguko ile ile gari likakaribia kilomita 97. Kwa injini nyingine, difu ya namna hiyo ingeliua gari mzigo ulipoanza kung'oka. Kwa hii torki ilifidia. Ni ujanja wa maskini, na mimi nauhesabu kuwa uamuzi bora kuliko yote kwenye mradi ule.

Katikati ya mwaka 1991 wakaongeza intakula ya kupooza hewa inayotoka kwenye turbo. Farasi zikabaki 160, torki ikabaki ile ile. Msomaji asidhani walipoteza fedha: hewa iliyopoa hushusha joto la moshi, na anayevuta trela saa nne mfululizo anahitaji hilo kuliko farasi za ziada.

Injini yenyewe haikuwa malaika. Mbele, nyuma ya kifuniko cha gia, kuna pini ndogo ya chuma iliyowekwa kiwandani ili nyumba ya gia ikae sawasawa kwenye bloku. Hakuna kilichoizuia zaidi ya kukazwa ndani ya tundu lake. Mtetemo wa miaka ungeweza kuitoa taratibu, na ikidondoka ikaangukia kati ya gia za kemshafti, gharama yake ni injini. Wamarekani waliipa jina la pini muuaji. Dawa yake ni kibati kidogo kinachofungwa kwa bolti ya jirani ili kiizibe njia. Injini imara kiasi kile, iliyoshikiliwa na kitu cha ukubwa wa kipande cha penseli!

Lakini kilichoteseka zaidi kilikuwa nyuma ya injini. Ushahidi wenyewe uko kwenye takwimu za kiwanda. Ram mpya ya 1994 ilipopata pampu ya mstari ya Bosch P7100, yenye gia boksi ya mkono ilipewa farasi 175, ya otomatiki ikabaki na 160. Mwaka 1996 pengo likapanuka: 215 kwa mkono, 180 kwa otomatiki. Bloku moja, pampu moja, ila otomatiki ilipimiwa chakula kwa sababu gia boksi isingehimili. Wahandisi hawawezi kukiri kwa uwazi zaidi ya hapo.

Miaka iliyofuata niipitie haraka. Mwaka 1998 zikaja valvu 24 na pampu ya kielektroniki, iliyosumbua wengi kwa sababu ililainishwa na mafuta yenyewe. Pampu ndogo ya kuileta dizeli ikichoka, kubwa inakufa nayo. Mwaka 2003 ukaja mfumo wa mafuta wa reli ya pamoja, mwaka 2007 lita 6.7 na otomatiki ya gia sita. Pamoja na lita 6.7 ilikuja turbo yenye mapezi yanayofunguka na kujifunga, na hii ina maana kuliko farasi zote. Dizeli haina kilango cha kubana hewa kama petroli, hivyo ukiachia mafuta mteremkoni injini inakuzuia kidogo sana. Mapezi yakijifunga, moshi unabanwa, pistoni zinafanya kazi ya breki, na breki za magurudumu zinapumua. Kuvuta mzigo kupanda ni fahari ya dereva. Kuushusha salama ndiyo kazi.

Mwaka 2019 toleo lenye nguvu zaidi lilifikisha Nm 1,356, na Ram 3500 yenye matairi mawili mawili nyuma ikaidhinishwa kuvuta zaidi ya kilo 15,900. Mzigo huo haufungwi kwenye bampa. Shingo ya trela huinama na kukaa juu ya ekseli, katikati ya bodi, ili uzito ukandamize magurudumu ya nyuma badala ya kuinua pua ya gari. Injini iliyovuta hivyo haikuwa na otomatiki ya Chrysler. Ilifungwa gia boksi ya Aisin ya Japani. Gia boksi ya mkono nayo iliishia na modeli za 2018.

Na ile hita ya wavu? Kwenye lita 6.7 bolti yake ilijulikana kwa kuungua hadi kukatika na kudondokea kwenye njia ya hewa, kisha silindani. Kwa modeli ya mwaka 2025 wameiondoa. Baada ya miaka 36, Cummins ya Ram inawashwa kwa hita plagi.