Pigo Moja la Prosesa Lina Kazi Kiasi Gani?

Kwenye maduka ya laptopu zilizotumika, iwe Luthuli Avenue jijini Nairobi au Kariakoo jijini Dar es Salaam, kikaratasi kilichobandikwa juu ya mashine huwa na maneno machache: ukubwa wa RAM, ukubwa wa diski, na kasi ya prosesa. Mnunuzi akikuta moja imeandikwa Core i5, 2.5GHz, na ya pembeni yake Core i5, 1.6GHz, hana haja ya kuuliza zaidi. Mbili na nusu inaizidi moja nukta sita. Anailipia ya kwanza na kuondoka. Lakini kama ile ya kwanza ina prosesa ya i5-2520M iliyotoka mwaka 2011, na ya pili ina i5-8250U ya mwaka 2017, ameiacha dukani mashine bora kwa mbali.

Simlaumu. Hesabu hiyo tumefundishwa na watengenezaji wenyewe, na ipo prosesa moja ambayo kisa chake kinaonyesha jambo hili kuliko maelezo yoyote: Pentium 4.

Kwanza, namba yenyewe. Prosesa hufanya kazi kwa mapigo, kama wapiga makasia wanaofuata sauti ya mmoja wao. Gigahezi 1 ni mapigo bilioni 1 kwa sekunde. Sasa, ukisimama ufukweni ukayahesabu makasia tu, unaweza kusema ni chombo kipi kitafika mapema? Huwezi, mpaka ujue kila kasia linasukuma maji kiasi gani. Mwendo wa prosesa nao ni zao la vitu viwili: idadi ya mapigo, na kazi inayokamilika katika kila pigo. Kikaratasi cha dukani kinataja kimoja tu.

Mwaka 2000 ushindani wa mapigo ulikuwa umepamba moto. Tarehe 6 Machi kampuni ya AMD ilitangaza prosesa yake ya Athlon ya gigahezi 1. Siku mbili baadaye mshindani wake, Intel, ikaitoa Pentium III ya kasi hiyohiyo. Katikati ya mwaka huo Intel ilijaribu kuisukuma Pentium III hadi gigahezi 1.13, mashine zikakosa utulivu, na mwezi Agosti ikalazimika kuirudisha kutoka sokoni. Muundo ule ulikuwa umefika ukingoni. Mwezi Novemba ikaja Pentium 4, ikianzia gigahezi 1.4 na 1.5, na ndani ya mwaka mmoja ikafika 2. Transista, yaani swichi ndogondogo zinazoiunda prosesa, zilikuwa za kizazi kilekile cha maikroni 0.18. Mapigo yaliongezekaje karibu maradufu?

Fikiria karakana ya kushona mashati ya sare za shule. Mafundi 10 wamekaa kwa mstari: huyu anakata, yule anaunga mabega, mwingine anashona mkono, wa mwisho anatia vifungo. Kengele ikilia, kila mmoja anampa jirani shati alilonalo. Kengele haiwezi kulia kabla fundi mwenye kazi ndefu kuliko wote hajamaliza. Ukitaka ilie haraka zaidi, gawanya kazi: aliyekuwa akishona mkono mzima ashone nusu, nusu nyingine apewe fundi mpya. Pentium III ilikuwa na hatua 10 za namna hiyo. Pentium 4 ilikuwa na 20. Kila hatua ilipewa kazi ndogo, kwa hiyo kengele ikaweza kulia upesi.

Ubaya unajitokeza penye njia panda. Programu yoyote imejaa maswali: kama salio linatosha, fanya hivi, la sivyo, fanya vile. Prosesa haisubiri jibu. Inabashiri, inaanza kushona, na mara nyingi sana inabashiri sawasawa. Ikikosea, mashati yote yaliyokuwa mstarini baada ya njia panda ile yanatupwa na kazi inaanza upya. Mstari wa hatua 20 ukikosea, mapigo yanayopotea ni karibu maradufu ya yale yanayopotea kwenye mstari wa hatua 10. Ndiyo maana Pentium 4 za mwanzo zilishindwa katika majaribio kadhaa na Athlon ya 1.2, na nyakati nyingine hata na Pentium III ya gigahezi 1.

Kuna jambo jingine katika muundo ule ambalo kila nikilikumbuka linanishangaza. Kati ya zile hatua 20, mbili hazikuwa na hesabu yoyote. Kazi yake ilikuwa kusafirisha ishara kutoka upande mmoja wa kipande cha silikoni hadi mwingine, kwa sababu pigo lilikuwa fupi mno hata ishara isiweze kufika kwa wakati. Ni sawa na kumwajiri fundi ambaye hashiki sindano, anabeba tu shati kutoka meza hii hadi ile.

Wahandisi wale hawakuwa wajinga, na haki inataka isemwe. Katika kazi zenye mkondo ulionyooka, zisizo na njia panda nyingi, kama kubana video, Pentium 4 ilifanya vizuri sana. Isitoshe, mpango ulikuwa wa muda mrefu: Intel ilitarajia muundo huo ungeweza kupanda hadi kufikia gigahezi 10. Kama mapigo yangeendelea kuongezeka, upungufu wa kila pigo ungefidiwa.

Washindani nao walibanwa na namba. Mwezi Julai 2001 Apple ilipanda jukwaani kueleza kwa nini Mac yake ya megahezi 867, yaani chini ya gigahezi 1, ingeweza kuishinda Pentium 4 ya gigahezi 1.7. AMD, mwezi Oktoba mwaka huo, ikaacha kuziita prosesa zake kwa megahezi: Athlon XP 1800+ ilikuwa na mapigo ya gigahezi 1.53 tu. Mimi naona AMD ilikuwa sahihi kuhusu uhandisi, ila ilimwachia mnunuzi namba nyingine isiyojieleza.

Kilichoimaliza Pentium 4 ni joto. Umeme unaotumiwa na transista unapanda pamoja na mapigo, na unapanda kwa mraba wa volteji. Kwa miaka mingi kila kizazi kipya cha transista ndogo kilikubali volteji ya chini, kwa hiyo mapigo yaliongezwa bila prosesa kuungua. Zilipofika nanomita 90, volteji haikutaka kushuka tena kama zamani, na transista zikawa zinavujisha umeme hata zikiwa zimetulia. Toleo la Prescott la Februari 2004 lilikuwa na hatua 31. Lilifika gigahezi 3.8 likiwa limekadiriwa wati 115, likagota hapo. Oktoba 2004 Intel ilifuta ahadi ya gigahezi 4, na mkuu wake, Craig Barrett, akapiga magoti jukwaani mbele ya wateja kuomba radhi.

Wakati huo jawabu lilikuwa tayari ndani ya kampuni hiyohiyo. Timu ya Intel mjini Haifa, Israel, iliyopewa kazi ya kuunda prosesa ya laptopu, ilichukua njia ya Pentium III: mstari mfupi, ubashiri bora, kumbukumbu ya karibu (cache) kubwa zaidi. Pentium M yao ya mwaka 2003, kwa gigahezi 1.6, ilikwenda sambamba na Pentium 4 za laptopu zenye mapigo mengi zaidi, huku betri ikidumu. Fikra hizo ndizo zilizozaa Core 2 Duo ya Julai 2006. E6600 ya gigahezi 2.4 na wati 65 ilizipita Pentium za gigahezi 3.73 zilizokula wati 130.

Turudi dukani. Ile i5-8250U ina viini (core) vinne, i5-2520M ina viwili, na kila kiini cha ile mpya kinafanya kazi zaidi kwa kila pigo. Tena hata namba zenyewe zinaahidi vitu viwili tofauti. 1.6 ni mapigo ambayo 8250U inaweza kuyashikilia viini vyote vikifanya kazi ndani ya wati 15. Kiini kimoja kikihitaji nguvu inapanda hadi 3.4. 2520M imeruhusiwa wati 35, na kilele chake ni 3.2. Kwa hiyo muulize muuzaji jina kamili la prosesa, tarakimu na herufi zote, kwa sababu mwaka na kizazi vimo humo. Megahezi zinafaa kulinganisha prosesa za familia moja na kizazi kimoja. Hapo namba kubwa ina maana.

Kisha omba mashine ichomekwe umeme, fungua Task Manager, nenda kwenye Performance, ucheze video nzito na kufungua kurasa kadhaa za intaneti kwa dakika kumi. Namba ya kasi itapanda na kushuka mbele ya macho yako. Ikiporomoka chini ya namba ya kikaratasi na isirudi huku feni ikivuma, huenda ndani kuna vumbi au pasta ya joto imekauka. Hilo fundi analimaliza kwa muda mfupi, na ni sababu nzuri ya kuomba bei ipunguzwe.