Ufundi wa Kuketi

Zazen ni kuketi kimya kama wanavyoketi watawa wa Kibudha wa Zen nchini Japani. Katika tawi la Soto mwasisi wake ni Dogen, aliyezaliwa mwaka 1200. Mwaka 1223 alivuka bahari kwenda China kutafuta mwalimu, akampata Rujing, na mwaka 1227 akarejea kwao. Aliandika mwongozo mfupi wa kuketi, Fukan zazengi, na mwaka 1244 akaanzisha milimani monasteri ijulikanayo leo kama Eiheiji, mkoani Fukui.

Mwongozo huo, ukifika kwenye kuketi kwenyewe, hushughulika kwanza na mwili. Hutandikwa kitu kinene, juu yake mto wa duara uitwao zafu. Mguu wa kulia hupandishwa juu ya paja la kushoto, na wa kushoto juu ya paja la kulia. Asiyeweza hupandisha mmoja tu. Magoti yakae chini, mgongo unyooke. Kiganja cha kushoto hulazwa juu ya cha kulia, na vidole gumba vikutane ncha kwa ncha, vikigusana kidogo tu. Vidole hivyo havidanganyi: usingizi ukinyemelea, huporomoka; mtu akijikaza mno, husukumana. Ulimi hugusa kaakaa. Macho hayafumbwi, hutazama chini, na mbele yake ni ukuta mtupu. Aliyeketi huyumba polepole kulia na kushoto, kisha hutulia.

Hapo ndipo kazi inapoanza. Wengi hudhani akili tulivu ni akili isiyo na wazo lolote, na dhana hiyo imewavunja moyo wanafunzi wengi kuliko maumivu ya magoti. Mawazo hayabishi hodi. Deni litakuja, maneno ya jana yatakuja, na chakula cha jioni nacho. Anayeanza hupewa kazi ya kuhesabu pumzi, moja hadi kumi. Akipotea, anaanza tena moja. Kupotea kabla ya tano ni jambo la kawaida, wala si kosa. Ustadi wote umo katika kurudi, na kurudi huko kuwe bila kujikaripia. Aliyerudi mara mia katika kikao kimoja amefanya kazi kubwa kuliko aliyekaa akisinzia kwa raha. Baadaye hata hesabu huachwa, mtu akabaki ameketi tu, hafukuzi wazo wala halikaribishi. Wenyewe huita shikantaza.

Kikao kwa desturi hupimwa kwa kijiti cha udi kinachoungua, kama dakika 40, kisha hufuata kinhin, yaani kutembea hatua fupi za taratibu. Kila mwanzo wa Desemba monasteri nyingi huketi kutwa, siku baada ya siku, kukumbuka kuamka kwa Buddha.

Lakini utulivu unaoishia ukumbini ni nusu ya utulivu. Mwaka 1237 Dogen aliandika Tenzo kyokun, maagizo kwa mpishi wa monasteri. Anamtaka aoshe mchele kwa mikono yake, aondoe mchanga asipoteze punje, wala asiyamwage ovyo maji aliyooshea. Macho yawe kwenye mchele, na moyo uwe papo hapo.

Somo hilo alilipata ugenini. Meli yake ikiwa ingali bandarini China, mpishi mzee wa monasteri moja alifika kununua mahitaji ya jikoni. Dogen, kijana aliyependa vitabu, alimsihi alale, kisha akamuuliza kwa nini mtu wa umri wake ahangaike na vyungu badala ya kuketi na kusoma. Mzee alicheka, akamwambia bado hajaielewa njia, akaondoka kuwahi mapishi ya kesho. Dogen aliandika baadaye kwamba kile kidogo alichokifahamu kuhusu njia hiyo alikipata kwa wema wa mpishi yule.