Mzee wa Tanga Katika Mabanda ya Katesh

Siku za mnada pale Katesh, mkoani Manyara, chini ya Mlima Hanang, mabanda ya video yalijaa watu ambao lugha zao za nyumbani hazina hata ujomba: Mwiraqw na Kikushi chake, Mbarabaig na Kinailoti chake, Mnyaturu na Kibantu. Kiswahili walikutana nacho shuleni au sokoni. Ikiwekwa filamu ya Kichina, ilibidi sauti ya Lufufu, mkalimani wa filamu, ipite juu yake kueleza nani anamtafuta nani. Ukiwekwa mkanda wa mchekeshaji King Majuto, mkalimani alipumzika. Mzee hajafungua kinywa, benchi la mbele limeshaanza kucheka.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema Majuto, ambaye jina lake halisi lilikuwa Amri Athumani, alipendwa kwa maneno yake. Kiswahili cha Tanga alikuwa nacho, tena kitamu, lakini ufundi wake ulikuwa katika kuchelewa. Akifumaniwa na uongo wake, hajibu. Anamtazama aliyemfumania, anatazama mlango, anarudisha macho kwa mtu, shingo inazama mabegani, mdomo unafunguka na kufumba bila kutoa kitu. Wewe mtazamaji unakuwa umeshamtungia uongo wa pili, na akiutamka wa kwake unakuta ni mbovu kuliko wako. Hapo ndipo mbavu zinapokatika. Mchekeshaji mwenye pupa angekijaza kimya kile kwa kelele.

Subira ile hakufundishwa na kamera. Majuto alizaliwa mwaka 1948, akapanda jukwaani 1958 angali mtoto. Televisheni Tanzania Bara ilianza 1994. Hiyo ni miaka 36 ya kuchekesha watu wanaokuona ana kwa ana, wasioridhika wakanyanyuka na kwenda zao. Runinga ilimkuta ameshaiva. Kilichobaki kilikuwa kupunguza tu, maana uso uliozoea kuonekana kutoka viti vya nyuma sasa ulijaa kioo kizima.

Kuna jingine, na kwetu sisi wa Manyara lina uzito. Siku hizi kijana wa jukwaani akiishiwa, anaiga lafudhi ya Mmbulu au ya Mmasai, na ukumbi wa Dar es Salaam unaangua kicheko. Utani tunaujua, tunatania na kutaniwa, lakini hicho ni kicheko cha mtu aliyeshindwa kazi. Majuto alijiweka kitanzini mwenyewe: mlafi ni yeye, mwoga ni yeye, anayeumbuka mwishoni ni yeye.

Alifariki katika Hospitali ya Muhimbili tarehe 8 Agosti 2018. Mwaka huohuo, alipokuwa akiugua, mikataba ya kazi zake aliyokuwa amesaini ilimfanya Waziri Harrison Mwakyembe aunde kamati ya kuipitia. Kazi zake zinaoneshwa mpaka leo. Ninyi wenye vituo na chaneli za mtandaoni mnaozirusha, walipeni warithi wake.