Jaji na Mwanawe: Mapokezi ya Filamu ya Awaara

Filamu ya Awaara, aliyoitengeneza Raj Kapoor huko Bombay mwaka 1951, ilipata katika Afrika Mashariki mapokezi ambayo filamu chache zimewahi kuyapata. Yafaa tuulize sababu, kwani wako wenzetu wenye elimu waliozoea kuzidharau filamu za Kihindi kwa kusema kuwa ni nyimbo na machozi tu. Nyimbo zimo, na machozi yamo; lakini watu hawakulia bure.

Kisa chenyewe ni cha nyumba iliyovunjika. Jaji Raghunath anaamini kwamba mwana wa mwizi hana budi kuwa mwizi. Kwa imani hiyo alimtia hatiani Jagga, kijana ambaye kosa lake kubwa lilikuwa ni baba aliyemzaa. Jagga akageuka jambazi kweli, akamteka Leela, mke wa jaji, kisha akamwachilia. Leela alikuwa mja mzito. Jaji akaishuku mimba ile, akamfukuza mkewe, naye akajifungua njiani mvua ikinyesha. Mtoto Raj akakulia katika vibanda vya maskini, akaiba mkate kwa ajili ya mama mwenye njaa, akafungwa, kisha akafundishwa wizi na Jagga huyo huyo. Mwishowe baba na mwana wanakutana mahakamani, ambako Rita, wakili aliyelelewa na jaji mwenyewe, anamhoji mlezi wake mpaka ukweli unatoka. Aliyecheza jaji ni Prithviraj, baba mzazi wa Raj Kapoor. Hivyo nyuso zile mbili zilizokanana zafanana, na mtazamaji alikuwa akiliona jibu kabla jaji hajakiri.

Watazamaji wetu wengi hawakujua Kihindi, lakini shauri hilo walilielewa, maana walikwisha kulisikia barazani. Waswahili husema mtoto wa nyoka ni nyoka. Husema pia mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hizi huishi nyumba moja bila kuulizana. Awaara ilizisimamisha kizimbani. Mwanahistoria Laura Fair, aliyewahoji watazamaji wa zamani wa Visiwani na Bara, ameuweka uzito juu ya mapenzi ya Raj na Rita, fukara na binti wa watu wakubwa. Hatumpingi, ila sisi twamtazama zaidi baba.

Tuchukue Arusha, mji ambao filamu za Kihindi zilikuwa na wapenzi wake kama miji mingine. Mwaka ule ule wa 1951, serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akayafikisha malalamiko yao Umoja wa Mataifa. Sheria inayompima mtu kwa asili yake haikuwa kwao hadithi ya Bombay. Wala baada ya uhuru shauri la baba na mwana halikuisha mlimani. Kihamba cha migomba na kahawa kikikwisha kugawanywa mara tatu hakina tena cha kugawa. Kijana asiye na fungu hushuka mjini, au huenda Mererani kutafuta tanzanaiti. Akipotoka, nyumbani husemwa kuwa ndiyo damu yake. Baba asemaye hivyo amejivua ulezi kwa neno moja, na Raghunath hakufanya zaidi ya hapo.

Hata hivyo filamu hii ina kasoro ambayo wanaoisifu huipita kimya. Yataka kuthibitisha kuwa malezi huishinda damu, ilhali shujaa wake ni mwana wa jaji! Mtazamaji mkaidi aweza kutoka ukumbini akisema: mnaona, damu njema haikupotea. Mwana hasa wa mwizi, aliyehukumiwa bila haki, ni Jagga. Leela anakufa kabla jina lake halijasafishwa, lakini walau husafishwa. Raj anafungwa, lakini amempata baba, na Rita ameahidi kumngoja. Jagga anauawa kwa mkono wa Raj, na katika mahakama ile yote hapana wakili anayeuliza nani alimfanya jambazi.