Kumpima Mwalimu wa Kwaya

Mjini Machakos, ambako uimbaji wa sauti nne, yaani soprano, alto, tena na besi, husikika zaidi makanisani na katika mashindano ya shule kuliko katika okestra, kazi ya kondakta hufanywa na mwalimu wa kwaya, na kipimo kinachomfaa ni kile kilichowekwa na Boniface Mganga, kiongozi wa Muungano National Choir ambaye baadaye alikuwa mbunge wa Voi kati ya 2002 na 2007.

Ubora huanza kuonekana kabla sauti haijatoka, katika ishara ya maandalizi, yaani mkono unaoinuka kabla ya pigo la kwanza, kwa kuwa ishara hiyo ikiwa na mwendo halisi wa wimbo, waimbaji wote huvuta pumzi pamoja. Mikono inayorushwa huku na huku huwafaa wapiga picha kuliko waimbaji. Mwisho wa neno hudai umakini zaidi: katika neno la Kilatini "Sanctus", yaani "Mtakatifu", herufi "s" ya mwisho ikisikika mara tatu mfululizo kutoka pembe tofauti za kwaya, kosa ni la mwalimu, hata kama sauti zenyewe ni tamu.

Neno hilo limo katika Missa Luba, misa ya Kilatini iliyoandaliwa Kamina, Kongo, mwaka 1958 chini ya padre Mbelgiji Guido Haazen, ambayo Muungano waliirekodi pamoja na nyimbo za Kenya katika albamu ya Philips ya mwaka 1990. Kwa kuwa misa hiyo ilitokana kwa sehemu kubwa na ubunifu wa papo hapo wa waimbaji, mwalimu hupimwa pia kwa namna anavyompa mwimbishaji, yaani anayeanzisha wimbo peke yake, nafasi ya kupamba, huku waitikiaji wakiingia kwa wakati bila kumkatiza.

Kwa nyimbo za Kikamba, lugha ya wenyeji wa Machakos, mtihani ni mgumu zaidi, maana lugha hiyo ina irabu saba, hutofautisha irabu fupi na ndefu, na hubeba maana katika toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti ndani ya neno. Mpangilio unaofupisha irabu ili tu mapigo yatoshe, au unaoinua silabi inayopaswa kushuka, ni mbovu, hata ukiwa umeshinda kikombe.

Anayetaka kulizoeza sikio na asikilize albamu ya Muungano ya 1990 kwanza, ndipo aende kanisani Jumapili.